Mzee wa Kanzu Ndani ya Mashine

Mashine ilifika mkahawani kwa mjomba ikiwa imelazwa chali juu ya gari la kubebea nazi, imefungwa kamba miguu na kichwa kama ng'ombe wa kuchinjwa. Ilikuwa imestaafu katika hoteli moja ya Kikambala, ambako watoto wa watalii waliipiga mateke mpaka ubavu mmoja ukabonyea. Mwenyewe, tajiri mmoja wa Mombasa, aliona afadhali ije imalizie uzee wake Malindi kuliko kuitupa jaani. Mjomba akaitafutia pahala baina ya friji la soda na kabati la mahamri, akachomeka waya, na kutoka siku hiyo hakuna mtoto wa mtaani kwetu aliyekunywa chai akamaliza.

Lilikuwa kabati refu la mbao lenye kioo cha televisheni kifuani, na mbele yake bunduki nyeusi iliyofungwa kwa mnyororo, nadhani ili tusiende nayo benki kweli. Maana mchezo wenyewe ulikuwa wa wizi. Ukitia sarafu, humuoni mchezaji popote. Mchezaji ni wewe. Kioo ndiyo macho yako, na chini unaona ncha ya bunduki yako tu na mkono uliovaa glavu. Umeshaiba benki katika mji fulani wa Ulaya, mfuko unao, na polisi wanakutokea kila upande: kwenye madirisha, nyuma ya mapipa, juu ya ngazi. Unakimbia uchochoroni, unaingia hoteli, unapita jikoni, unatokea darini, juu kabisa ya jengo, na huko helikopta inakungoja. Jina lake la Kizungu liliandikwa ubavuni, lakini lilikuwa upande ule uliobonyea. Sisi tuliuita Jambazi.

Shida ilikuwa jikoni. Ukisukuma tu ule mlango, nyuma ya meza anainuka mtu mweupe kutoka kichwani hadi miguuni. Huyo hana silaha, na ukimpiga mchezo unakwisha palepale hata kama ulikuwa na roho zako zote. Na kila mtu alimpiga. Umetoka kuua polisi ngazi nzima, kidole kimeshalewa, halafu kitu kinainuka ghafla mbele yako, utakiuliza kitambulisho?

Aliyepata dawa ni rafiki yangu, kijana wa Vitengeni anayekaa kwa shangazi yake na kusoma nami darasa moja. Mlengaji kutushinda sote, kwa sababu kwao amekulia kuwinda kanga kwa manati.

"Mkimwona, mwamkieni," alisema.

"Nimwamkie nani, mashine?"

"Wee mwamkie tu. Jaribu kumwambia mtu shikamoo huku unampiga, uone kama kidole kitakubali."

Tukajaribu. Wallahi kidole kilikataa. Mdomo ukisema shikamoo, mwili mzima unajua kazi yake: mgongo unalegea, kichwa kinainama, kidole kinatoka kwenye kifyatulio bila kuambiwa. Basi ikawa ndiyo sheria ya mchezo. Mwenye bunduki akifika jikoni anapiga kelele, "Shikamoo mzee!" na foleni yote nyuma yake inajibu, "Marahabaaa!" Mgeni akipita nje angedhani mna posa.

Tulimwita mzee kwa sababu tulichokiona ni mzee. Picha za mashine ile zilikuwa za vijiraba vijiraba, kama mkeka uliosukwa na mtu mwenye haraka. Weupe mpaka chini, na juu ya kichwa kitu cheupe cha duara. Kanzu na kofia, nini tena? Hakuna aliyefikiri mpishi. Wapishi tunaowajua sisi, hata wale wa pilau za harusi, wamevaa kikoi na fulana yenye matundu, na jasho linadondokea sufuriani kama sehemu ya viungo.

Sasa nimlete maalim.

Maalim alinifundisha Kurani mimi na nusu ya Malindi, na nusu nyingine aliifundisha baba zao. Mrefu, mkavu, bakora yake ya mkwaju ilikuwa na umri kunishinda. Kitu kimoja alikuwa nacho ambacho mji wote ulikijua: hakuacha salamu ianguke. Mwamkie akiwa ng'ambo ya barabara, akiwa ndani ya mzozo, akiwa anatia udhu, lazima aitikie. Hata akikuchapa. Nilijaribu mwenyewe chuoni kwake. Katikati ya bakora nikasema, "Shikamoo maalim." Mkono ukasimama hewani, akasema, "Marahaba," kwa upole kabisa, kisha mkono ukaendelea na safari yake.

Na maalim ndiye aliyekuwa msimamizi wa wakfu. Mkahawa haukuwa wa mjomba. Jengo zima liliachwa na marehemu mmoja wa zamani kwa ajili ya msikiti, na mjomba alikuwa mpangaji tu, anashika ufunguo kwa idhini ya wazee wa wakfu. Mbele mkahawa, nyuma vyumba anavyokaa yeye, mkewe, watoto wao, na mimi niliyeletwa na mama kutoka visiwani ili nisome. Wazee wakiutaka ufunguo, mjomba hana pahala pa kupika chai wala pa kulala. Mkewe na watoto wangerudi kwao. Mimi ningepakiwa kisiwani kwa mama, na shule ndiyo kwaheri.

Mambo yaliharibiwa na mjukuu wa maalim, kijitu chenye mapengo, hata kuvaa kandambili hakijui kulia na kushoto. Alijipenyeza chini ya makwapa yetu, akashika bunduki kwa mikono miwili, bahati ya mwenyewe akafika jikoni, na kwa kuwa sheria haijui, akafyatua. Yule mweupe akaanguka. Sisi tukamzomea, yeye akafurahi, akaenda kwao. Wakati wa kula, mbele ya sinia na wageni, akatangaza:

"Babu, leo nimeua mzee! Alikuwa kama wewe vilevile!"

Asubuhi yake maalim alikuwa mlangoni kwa mjomba kabla maziwa hayajachemka.

"Asalaam alaykum."

"Alaykum salaam, maalim. Karibu chai."

"Chai sitaki. Nionyeshe mtu mnayemuua."

Mashine hiyo ilikuwa na tabia moja mbaya: ukiiacha bila sarafu inajicheza yenyewe, kujitangaza. Mjomba hata hakupata nafasi ya kuchomoa waya. Uchochoro ukapita, ngazi zikapita, mlango wa jikoni ukafunguka, akainuka.

"Huyu nani?" maalim akauliza.

Mjomba alikuwa amefanya kazi Bofa zamani, hotelini, akiosha vyombo. Yeye alijua. "Mpishi, maalim."

"Mpishi?"

"Wapishi wa Kizungu huvaa nyeupe, maalim. Aproni, na kofia."

"Mimi naona kanzu. Wewe huoni kanzu?" Akanigeukia. "Nawe, huyu mnamwitaje?"

Nikamtazama mjomba. Mjomba akatazama mahamri.

"Mzee, maalim," nikasema.

"Mzee. Basi." Akaitikisa bakora mbele ya kioo. "Kumfundisha mtoto kuiba ni jambo moja. Polisi nao wana mambo yao. Lakini kumfundisha mtoto amtwange risasi mzee wa watu, kwenye nyumba ya wakfu, mita chache kutoka msikitini? Nitakuja na wenzangu Ijumaa ya pili, baada ya Alasiri. Nikimkuta huyu bado anapigwa, utaniwekea ufunguo mezani."

Mjomba alisema ndiyo maalim mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ingekuwa rahisi kuirudisha Mombasa, lakini tajiri alikuwa safarini, na mjomba alishatumia pato la mashine kulipa deni la lile friji la soda. Kwa hiyo tulianza ufundi wetu. Rafiki yangu akakata aproni ya karatasi nyekundu, tukaibandika kwenye kioo pale mzee anapoinukia. Ikawa kila polisi anayepita hapo anavaa aproni nyekundu kwa muda, anaivua, anaendelea na kazi. Mke wa mjomba, ambaye anapochanganya unga hasemi na mtu, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akafuta macho kwa leso, akatazama vyumba vya nyuma, na hakucheka tena wiki nzima.

Tajiri aliporudi alipigiwa simu kutoka posta. Akasema tuwe na subira, mchezo umeshatolewa upya huko ulikotoka. Uleule, lakini umefanyiwa matengenezo, kwa sababu hata Ulaya wazazi walipiga kelele. Atamtuma fundi abadilishe matumbo ya mashine, kabati libaki lilelile.

Fundi alifika Ijumaa yenyewe. Mjomba alikuwa ameshanyoa ndevu zake mara mbili kwa wasiwasi. Fundi akafungua mgongo wa mashine, akatoa kibao kilichojaa vumbi na mende wawili marehemu, akatia kipya kinachong'aa.

"Picha sasa safi kama sinema," alisema akifuta mikono. "Halafu hamna tena wizi. Humu wewe ni askari, unawasaka waliovunja benki. Nani atawalaumu?"

"Na yule wa jikoni?" mjomba akauliza.

"Yupo, na vifungo vyake utavihesabu. Hata kipofu atajua ni mpishi."

Mjomba alimkumbatia fundi. Kabla hajamwachia, umeme ukakatika.

Fundi alikuwa na mashine nyingine za kutazama Bofa, akaondoka. Sisi tukabaki tunalitazama kabati lililozimika kama watu waliofiwa. Adhuhuri ikapita. Barafu ikaanza kuyeyuka kwenye friji na maji yakatambaa sakafuni. Hakuna aliyeucheza mchezo mpya hata dakika moja. Adhana ya Alasiri ikaadhiniwa bila kipaza sauti. Nikaanza kufikiri kwamba umeme usiporudi labda tumepona, nikamnong'oneza mjomba. Akanitazama, akasema wazee wakiikuta imezimwa watasema tumeificha.

Umeme ulirudi kanzu za kwanza zilipotokea kwenye kona.

Walikuwa watatu: maalim, mwuza samaki mmoja mnene ambaye ni katibu wa wakfu, na mzee wa tatu ambaye kazi yake ilikuwa kutikisa kichwa. Mjukuu alikokotwa mkono kama shahidi wa serikali. Wakapewa viti, wakakataa chai, wakakataa kashata. Hapo nikajua mambo ni magumu, kwa sababu yule mwuza samaki sijawahi kumwona akikataa kashata.

"Ufunguo," maalim akasema.

Mjomba akautoa mfukoni na kuuweka mezani kando ya sahani. Ufunguo mkubwa wa shaba, wa mlango wa zamani. Mkewe alikuwa amesimama nyuma ya pazia la vyumba vya ndani, naona vidole vyake tu vimeshika kitambaa.

Rafiki yangu akajongea kwenye bunduki. Ndivyo tulivyopanga.

"Si wewe," maalim akasema. Bakora ikanielekea. "Huyu. Huyu nilimfundisha mwenyewe. Nataka nione mkono wake unafanya nini."

Mjomba alinishika bega akaniinamia sikioni. Pumzi yake ilinuka iliki. "Chochote cheupe usiguse. Hata paka mweupe, mwache apite."

Nikatia sarafu.

Uchochoro ulikuwa uleule, lakini hebu fikiria umeuona maisha yako yote kupitia chandarua, halafu mtu akatoa chandarua. Matofali. Mvua. Paka kweli alikuwepo, tena mweupe, nikamwacha apite. Mkono wangu kwenye kioo haukuwa tena na glavu, ulikuwa na mkono wa shati la askari wenye kifungo. Wanaume waliofunga vitambaa usoni wakaanza kuchomoza. Nikawapiga. Nyuma yangu nasikia viti vinasogezwa karibu.

"Hao kina nani?" maalim.

"Wezi, maalim."

"Umejuaje?"

"Wamejifunika nyuso, maalim."

"Hm," maalim akaguna. Mwuza samaki akasema, "Kushoto, kushoto, juu ya pipa!" halafu akakohoa kana kwamba hakusema yeye.

Ngazi. Jasho lilinitiririka mpaka bunduki inateleza. Kifyatulio kilikuwa kile cha zamani, kimeliwa na chumvi ya bahari, mara nyingine ukikigusa kinafyatua mara mbili. Nilikuwa nakumbuka hilo nilipouona mlango wa jikoni. Mlango ukafunguka. Sufuria zinatoa moshi. Vigae. Visu vimetundikwa ukutani, vinameta. Na nyuma ya meza akainuka.

Fundi hakusema uongo. Masharubu alikuwa nayo, vifungo alikuwa navyo, aproni imefungwa tumboni, kofia imefura kama hamri lililozidi hamira. Mjomba alilipuka nyuma yangu: "Mpishi! Maalim, tazama, mpishi! Tazama mwiko!"

Lakini mdomo wangu haukumngoja mjomba. Ulikuwa umeshazoea pahala pale. Kidole kikatoka, kichwa kikainama.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba," ikasema sauti sikioni mwangu.

Haikuwa ya foleni. Ilikuwa ya maalim. Ilimtoka tu, kama kawaida yake.

Na hapo yule mpishi akauweka mwiko chini, akatia mkono ndani ya aproni, akatoa bastola, akanipiga.

Kioo kizima kikawa chekundu. Maneno ya Kizungu yakashuka kuniambia nimekufa, na chini yake mengine madogo: mwizi aliyejigeuza mpishi. Hayo ndiyo matengenezo. Mzee wetu asiye na hatia walikuwa wamempa silaha, na sasa mchezo ulitaka apigwe.

Nilishusha bunduki. Friji lilikuwa linanguruma, na tone la maji linaanguka. Sikuthubutu kugeuka. Niliutazama ufunguo. Katika mchezo wa zamani ukimpiga unashindwa. Katika mpya usipompiga unakufa. Yaani kitu alichokataza maalim kilikuwa sasa ndicho sheria, na nilijua kila mtu chumbani ameelewa hivyo, isipokuwa mjukuu aliyekuwa anachokonoa pua.

"Amekupiga?" maalim akauliza.

"Ndiyo, maalim."

"Umemwamkia, na mimi nimekuitikia kwa niaba yake, naye akakupiga?"

"Ndiyo, maalim."

Akavuta kiti. "Rudia."

Mjomba mwenyewe akatia sarafu. Nikapita uchochoro, nikapita ngazi. Mlango ulipofunguka maalim akasema, "Sasa huyu ni mwizi. Tumemjua. Mpige."

Nilitaka. Naapa nilitaka. Nilifunga mdomo mpaka meno yakauma. Akainuka, na shikamoo ikanitokea puani. Kidole kikaondoka. Akanipiga.

"Mpe mwenzio," maalim akasema, na sauti yake haikuwa imelainika hata kidogo.

Rafiki yangu, aliyeweza kumtoa kanga mtini kwa jiwe moja, alifika jikoni akiwa hajaguswa na risasi. Akasema shikamoo. Akafa.

"Ajabu," akasema mwuza samaki.

Maalim akamtazama mjukuu wake. "Njoo wewe. Wewe ndiye uliyeua."

Mjomba akafumba macho. Mtoto yule hakuwa na sheria zetu. Tulichojua juu yake ni kwamba aliua na akafurahi. Rafiki yangu alimsaidia kupita uchochoro na ngazi akimshikia bunduki, kisha jikoni akamwachia peke yake. Mlango ukafunguka. Pazia la ndani lilikuwa limekunjwa lote ngumini mwa mke wa mjomba. Mpishi akainuka na masharubu yake, na mtoto akamtazama, akashusha bunduki iliyomzidi urefu, akasema kwa sauti ya chuoni, ile ya kuvuta:

"Shikamoo babu."

Nilikuja kujua baadaye kwamba tangu siku ile ya sinia alikuwa akilazimishwa kumwamkia kila mtu mwenye kofia, kutoka nyumbani hadi msikitini, ndiyo adhabu yake. Mpishi hakujali adhabu ya mtu. Kioo kikawa chekundu, na mtoto akaanza kulia.

Maalim akasimama. Akauchukua ufunguo.

Maalim alikwenda nao hadi mlangoni, akautia kwenye tundu, akauzungusha huku, akauzungusha kule. Kitasa kililia kama paka. Akauchomoa, akarudi, akauweka si mezani bali kwenye kiganja cha mjomba, na akakikunja kile kiganja.

"Tia mafuta mlango wa watu," akasema. "Unakwaruza."

"Na mashine, maalim?"

"Mashine haina adabu. Lakini wanao nimewaona mimi mwenyewe, nimewajaribu, hawakuweza. Iache." Akakitazama kioo kwa chuki. "Ila ile ya kwanza ilikuwa bora. Yule mzee alikuwa ametulia zake, hana neno na mtu. Huyu mmemleta wa nini?"

Mwuza samaki akachukua kashata, na mzee wa tatu akatikisa kichwa.

Imepita miaka sasa, niko kidato cha nne, na bado nakaa kwa mjomba. Watoto wa watalii wanaokuja kununua soda hupita jikoni bila hata kupunguza mwendo, wanampiga yule mpishi na kutokea darini, nasi tunasimama nyuma yao kuona dari likoje. Wanatuambia lina helikopta nzuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika huko kwa mkono wake.

Maalim akipita kwenda msikitini husimama mlangoni, siku hizi kwa kuegemea bakora.

"Shikamoo maalim."

"Marahaba. Yule wa ndani, hajaitikia bado?"

"Bado, maalim."

"Mshenzi," anasema, na kwenda zake.